Biskuti za Mbwa na Mipaka ya Moto

Katika vijiji na miji midogo ya Wilaya ya Bukombe, ambayo makao yake makuu ni Ushirombo, mbwa ni mfanyakazi wa nyumbani. Usiku hulinda zizi la ng'ombe, mchana huandamana na wachungaji, na katika machimbo ya dhahabu hulala mlangoni pa ghala. Ujira wake aghalabu ni makombo ya ugali. Siku mnyama achinjwapo, hutupiwa kipande cha pafu au cha ini kibichi, naye hukidaka kabla hakijagusa ardhi.

Tendo hilo laonekana dogo, lakini lina madhara ambayo wengi hawayajui. Katika makala hii tutaeleza jinsi kipande hicho hicho kinavyoweza kupikwa, kuchanganywa na unga na kuokwa kuwa biskuti, kwa vyombo vya jiko la kawaida. Shabaha yetu, hata hivyo, si upishi peke yake. Twataka msomaji atambue kwamba ziko hatari ambazo moto huziondoa, ziko ambazo moto hauziwezi, na iko hatari ambayo moto huizidisha. Asiyezitofautisha aweza kumdhuru mbwa wake, watoto wake na nafsi yake.

MBWA NA NAFAKA

Watu wengi husema kwamba mbwa ni mla nyama, na kwamba ugali hupewa kwa sababu ya umaskini tu. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Mbwa alitokana na mbwa-mwitu zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, na tangu hapo ameishi kando ya jiko la binadamu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden, wakiongozwa na Erik Axelsson, walionyesha kwamba maisha hayo yaliacha alama katika damu yake. Mbwa-mwitu ana nakala 2 tu za jeni itengenezayo amilesi ya kongosho, yaani kimeng'enya kivunjacho wanga. Mbwa wa nyumbani alionekana kuwa na nakala kuanzia 4 hadi 30. Basi mbwa ana uwezo wa kula nafaka ambao babu yake hakuwa nao.

Hata hivyo, nafaka hiyo yapaswa kupikwa. Chembe za wanga mbichi zimefungamana, na kimeng'enya hakipenyi kwa urahisi. Zikipata maji na joto la nyuzi 62 hadi 72 za sentigredi, hufyonza maji, huvimba na kufunguka. Ndipo unga ugeukapo uji mzito, na ndipo mbwa apatapo faida yake.

Wazo la kuoka nyama na nafaka pamoja si geni. Karibu na mwaka 1860 Mmarekani James Spratt alianza kuuza huko Uingereza biskuti za mbwa zilizochanganywa unga wa ngano, mboga na nyama. Sisi tutatumia dona.

HATARI IONDOLEWAYO NA MOTO

Yuko tegu mdogo aitwaye kitaalamu Echinococcus granulosus. Urefu wake ni milimita chache tu, naye huishi katika utumbo wa mbwa bila kumsumbua sana. Mayai yake hutoka na kinyesi, huanguka majanini, majini na juu ya manyoya ya mbwa mwenyewe. Ng'ombe, mbuzi au kondoo akiyala, kiluwiluwi hutoboa ukuta wa utumbo, huingia katika damu na kutua katika ini au pafu. Hapo hujenga mfuko wa maji, na ndani ya mfuko huo huzaliwa vichwa vingi vya tegu wapya. Mbwa akila ini au pafu hilo likiwa bichi, kila kichwa kinaweza kuwa tegu kamili, na baada ya wiki 6 au 7 mayai huanza kutoka tena. Mzunguko umekamilika.

Binadamu huingia katika mzunguko huo kwa bahati mbaya. Mtoto amshikaye mbwa kisha akala bila kunawa anaweza kuyameza mayai. Mfuko wa maji hukua polepole ndani ya ini au pafu lake, pengine kwa miaka mingi bila maumivu, hadi siku ukandamizapo viungo vingine au kupasuka. Mara nyingi tiba huhitaji upasuaji. Ugonjwa huu, uitwao hidatidi, umejulikana sana miongoni mwa wafugaji wa Turkana nchini Kenya, na umechunguzwa pia Ngorongoro hapa kwetu. Popote penye mifugo, mbwa na nyama mbichi, mlango wake u wazi.

Tazama sasa wepesi wa kuufunga mlango huo. Kuchemsha ini au pafu kwa dakika 40 huua vichwa vyote vya tegu. Mfuko mdogo hauonekani kwa macho. Kwa hiyo hata kipande kionekanacho kisafi yafaa kichemshwe. Ama sehemu zilizokataliwa na mkaguzi wa nyama zisitumike kabisa, bali zichomwe au zifukiwe katika shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.

JINSI YA KUOKA

Mahitaji ni haya: gramu 250 za ini, moyo au pafu kutoka kwa mnyama aliyekaguliwa, gramu 500 za unga wa dona, yai 1, na maji. Usitie chumvi. Usitie kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa maana vina kemikali zinazoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Zabibu na chokoleti nazo ni sumu kwake.

1. Kata nyama vipande vyembamba, visivyozidi upana wa kidole. Joto husafiri polepole ndani ya nyama, na muda linaohitaji hadi kufika katikati hufuata mraba wa unene. Kipande chenye unene wa nusu huiva kwa robo ya muda.

2. Chemsha kwa dakika 40, ukihesabu tangu maji yaanze kutokota. Ushirombo iko mita elfu moja na ushei juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapo kwenye nyuzi 96 hivi, wala si 100. Joto hilo latosha, lakini muda usipunguzwe.

3. Twanga au katakata nyama iwe laini. Changanya na unga na yai, kisha ongeza supu kidogo kidogo hadi upate donge gumu. Unga wa mahindi hauna mnato kama wa ngano. Kinachoshikamanisha biskuti hizi ni wanga uliofunguka na utomvu wa yai ulioganda.

4. Sukuma donge kwa chupa, kisha kata vipande 100 vilivyo sawa.

5. Tandaza mchanga safi na mkavu ndani ya sufuria kubwa, unene wa vidole viwili. Weka juu yake sahani ya bati yenye biskuti, funika, kisha tia makaa chini na juu ya mfuniko. Kazi ya mchanga ni kuhifadhi joto na kulisambaza, ili upande wa chini usiungue.

6. Biskuti zikigeuka rangi ya kahawia, baada ya nusu saa hivi, punguza makaa na uziache zikauke hadi zivunjike kwa mlio.

Rangi hiyo ya kahawia na harufu yake nzuri hutokana na protini na sukari kuungana katika joto, jambo lililoelezwa na Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Halitokei upesi ila uso wa biskuti ukiwa umekwisha kukauka, kwa kuwa maji yakiwapo joto halipandi mbali na nyuzi 100. Ukavu huo ndio uhifadhio biskuti pia, maana bakteria na kuvu huhitaji unyevu ili waongezeke. Zikishapoa, zitiwe katika kopo lenye mfuniko.

HATARI ISIYOONDOLEWA NA MOTO

Mahindi yaliyoota ukungu yakitupwa, husikika sauti ikisema: haidhuru, atakula mbwa. Kauli hii yapasa iachwe. Kuvu aitwaye Aspergillus flavus hutengeneza sumukuvu, sumu ishambuliayo ini. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu zaidi ya 60 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na wapatao 20 wakafariki. Mbwa huathirika nayo upesi sana. Mwishoni mwa mwaka 2005 mbwa zaidi ya 100 walikufa nchini Marekani kwa chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi ya namna hiyo.

Kwa nini moto usiiondoe? Kwa sababu sumukuvu si kiumbe hai. Tegu hufa protini zake zigandapo, lakini molekuli ya sumukuvu hubaki nzima hata kwenye nyuzi 200, na ndani ya biskuti yenye unyevu joto halifiki huko. Moto humwua kuvu na kuiacha sumu yake. Kinga iko mbali na jiko: kukausha mahindi mapema hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, kuyaweka juu ya kichanja na si juu ya udongo, na kuyatenga yaliyooza. Unga usiofaa kwa mtoto haumfai mbwa.

HATARI IZIDISHWAYO NA MOTO

Jambo la tatu lahusu zaidi wakazi wa ukanda wa dhahabu. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu, kisha huchoma mchanganyiko huo ili zebaki itoke na dhahabu ibaki. Sehemu ya zebaki hubaki katika mchanga wa marudio, kando ya mialo na katika vijito vilivyo chini yake. Mchanga huo ni laini na mzuri kwa macho, na mtu asiyejua anaweza kuuchota kwa kuokea.

Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, lakini hutoa mvuke hata katika joto la kawaida, na mvuke huongezeka kadiri joto lipandavyo. Hauna rangi wala harufu. Ukivutwa hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, hasa za mtoto na za mimba. Kwa hiyo mchanga wa marudio ukitiwa katika sufuria, moto hauusafishi, bali huitoa sumu iliyolala na kuieneza jikoni. Tumia mchanga wa mahali pasipo na uchenjuaji, au tumia kokoto za mahali hapo. Na chombo kilichowahi kuchomea dhahabu kisirudi jikoni kamwe, hata kikisuguliwa hadi king'ae.

Zebaki ilikwisha kuonyesha madhara yake kwa wanyama wa nyumbani. Huko Minamata nchini Japani, katika miaka ya 1950, paka waliokula samaki wenye zebaki walionekana wakiyumbayumba kabla ugonjwa wa watu haujatambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

KIASI GANI?

Biskuti hizi ni kitoweo cha ziada, si mlo kamili. Yafaa zisizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku. Nishati ya mbwa apumzikaye hukadiriwa kwa kuzidisha 70 na uzito wake kwa kilo uliopandishwa kwa kipeo cha robo tatu. Chukua mbwa wa kilo 10: 10 kwa kipeo cha tatu ni 1,000, kipeuo chake cha pili ni 31.6, kipeuo cha pili cha hiyo ni 5.62. Zidisha kwa 70, upate kilokalori 394. Mbwa wa kawaida huhitaji mara 1.6 ya hizo, yaani 630, na sehemu ya kumi ni 63. Biskuti moja ina kilokalori 22 hivi. Basi 3 zamtosha. Mwanafunzi akokotoe mwenyewe kwa mbwa wa kilo 20, aone kwa nini jibu ni 5 na si 6. Ini lenyewe lisitolewe kila siku, kwa kuwa vitamini A yake ikizidi hudhuru mifupa.

MAJARIBIO YA DARASANI

Pima uzito wa biskuti 10 kabla na baada ya kuoka, ukokotoe asilimia ya maji yaliyotoka. Kisha weka unga mbichi uliokorogwa majini katika neli moja, na uji uliopikwa katika neli ya pili. Tia mate ya mwanafunzi katika zote mbili, zikae katika maji ya nyuzi 37, na kila baada ya dakika 2 jaribu tone kwa iodini. Rangi ya buluu hutoweka mapema zaidi katika uji. Mate ya binadamu yana amilesi; mbwa hutegemea ile ya kongosho.

HITIMISHO

Huenda msomaji akauliza: je, ni haki kumwokea mbwa hali watu wana shida ya chakula? Jibu letu ni kwamba kipande hicho cha pafu mbwa alikuwa akipewa tangu zamani. Kilichoongezwa ni unga kidogo, makaa na saa chache, na faida yake kubwa humfikia mtoto achezaye uani. Tena mbwa aliyezoea kuitwa na kupewa biskuti mkononi hukubali kushikwa siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Wataalamu wanashauri kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa huo hushindwa kuenea. Siku hiyo hiyo afisa mifugo aweza kuulizwa dawa ya tegu, prazikwanteli, ambayo wanafunzi wa Kanda ya Ziwa waijua kwa kutibu kichocho.

Basi kabla ya kuwasha moto na tujiulize: ninachotaka kukiondoa ni kiumbe, ni sumu, au ni madini? Kiumbe kitakufa, sumu itabaki, na madini yatageuka mvuke.