Manamba: Tarakimu, Mtu na Safari

Neno manamba lina asili ya neno la Kiingereza number. Vibarua wa mkataba waliotoka Buha kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga walitambuliwa kwa namba. Tangu 1944 uandikishaji wao ulisimamiwa na SILABU, chombo cha wenye mashamba hayo.

Kimofolojia, ma- hapa si kiambishi cha wingi tu. Namba, kwa maana ya tarakimu, haibadiliki umbo katika wingi. Ilipopewa ma- ikawa watu, tena kwa kebehi. Hata mmoja huitwa manamba, na upatanisho ni wa viumbe hai: manamba huyu amerudi. Kuliweka neno hili katika ngeli ya LI-YA kwa kutazama umbo ni kosa.

Kilicho kizito zaidi ni kirai kwenda manamba. Nomino haina kihusishi wala -ni ya mahali, kama ilivyo katika kwenda hija. Hapo manamba si mtu tena, bali ni safari na mkataba wenyewe, na fasili ya "kibarua wa mkambani" pekee huiacha nje maana hiyo. Nairobi, utingo wa matatu naye ni manamba, ila huko neno halijabeba safari.