Anga ya Gusii ni moja, sheria zake mbili

Usiku wa Januari 29, 2025, helikopta ya jeshi la Marekani iligongana na ndege ya abiria iliyokuwa ikienda kutua mjini Washington. Watu 67 walikufa. Habari hizo tulizisikia sote. Kilichonikaa rohoni ni jambo lililojitokeza baadaye katika uchunguzi: pale mtoni Potomac, helikopta ikiwa kwenye njia yake halali na ndege ikiwa kwenye yake, nafasi baina yao ingeweza kuwa futi 75 tu. Tena helikopta za aina hiyo zilipojaribiwa, altimita zake, yaani vipima-mwinuko, zilionyesha mwinuko pungufu kwa futi 80 hadi 130. Huenda marubani waliamini wako chini kuliko walivyokuwa.

Hesabu hiyo nilimpelekea rubani mstaafu anayeishi Keroka, mji unaokatwa na mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira, hapa kwetu Gusii. Alirusha helikopta za jeshi, kisha za kiraia. Ameomba nisimtaje jina.

"Acha Washington, mwanangu," aliniambia. "Hapa kwetu hewa yenyewe humeza futi hizo kila siku kabla jua halijatua."

Akatoa kabatini altimita kuukuu, akaiweka mezani. Ina uso wa mviringo, mishale, kidirisha chenye namba, na pembeni kifundo cha kuzungusha. Chombo hiki hakijui ardhi iko wapi. Kinapima mgandamizo wa hewa, kisha kinaugeuza kuwa futi. Rubani ndiye anayekiambia mgandamizo wa leo ni upi, kwa kuzungusha kile kifundo. Mzee alikizungusha taratibu. Namba ya kidirishani ilisogea moja, yaani hektopaskali moja, na mshale mrefu ukahama karibu futi 30.

Akaendelea kunifafanulia. Karibu na ikweta, mgandamizo wa hewa hujaa na kupwa kama bahari. Hufika kileleni mwendo wa saa nne asubuhi, kisha hushuka hadi saa kumi jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Tofauti hufikia hektopaskali tatu hivi. Piga hesabu: ni futi 80 au 90.

"Sasa mchukue rubani aliyetua asubuhi kwenye uwanja wa shule," alisema. "Mkubwa wake anahutubia mkutano mpaka jioni. Uwanja wa ndege una mwinuko ulioandikwa, unaweza kurekebishia altimita hapo. Uwanja wa shule hauna. Akiruka bila kugusa kifundo, mshale utamdanganya kwamba yuko juu kuliko alipo. Mwenzake anayetoka Kisumu amepewa namba mpya na mnara. Kwenye redio wamepishana. Angani hawajapishana."

Kisumu kuna mnara wa kuongozea ndege. Suneka, uwanja wetu mdogo nje ya mji wa Kisii, hauna. Huko rubani hujitangaza redioni na kumsikiliza mwenzake. Mfumo huo hufanya kazi iwapo wote wako kwenye masafa mamoja. "Nilipokuwa jeshini nilijitangaza kwa raia kila mara," mzee alisema. "Lakini nilifanya hivyo kwa sababu mwalimu wangu alinikazania. Usalama wa mwenzangu ulitegemea malezi yangu."

Hapo ndipo sheria zinapotengana: Mkataba wa Chicago wa 1944 unaziweka ndege za jeshi, forodha na polisi nje ya kanuni za kiraia. Serikali huahidi tu kwamba, ikizitungia masharti yake, itajali usalama wa ndege za raia. Ndilo kundi la helikopta ya polisi iliyowaua waziri George Saitoti na waziri msaidizi Orwa Ojode Juni 2012 wakielekea Ndhiwa, jirani zetu. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, na wenzake tisa walipokufa katika ajali ya helikopta ya jeshi Aprili 18, 2024, timu ya uchunguzi ilitoka katika Jeshi la Anga lenyewe. Ajali hizo hazikuwa za kugongana. Lakini wiki sita hivi tu kabla ya ile ya Ogolla, ndege ya Safarilink ilikuwa imegongana na Cessna ya mafunzo karibu na uwanja wa Wilson, Nairobi, watu wawili wakafa. Zote mbili zilikuwa za kiraia. Je, moja ingekuwa ya jeshi, faili ingefunguliwa na nani? Na ndege zikikoswakoswa kugongana juu ya Manga, hapa Gusii, tukio hilo huandikwa wapi?

Marekani walikuwa wameandika. Kati ya Oktoba 2021 na Desemba 2024, kumbukumbu zilionyesha mara 15,214 ambapo helikopta na ndege za abiria zilikaribiana kupita kiasi katika uwanja ule wa Washington. Hakuna aliyezitendea kazi.

Mzee wa Keroka haombi mnara Suneka kesho. Anaomba ndege ya jeshi au polisi ijayo Gusii ijitangaze kwenye masafa ya raia, ichukue namba ya mgandamizo kutoka Kisumu kabla ya kushuka, na iwashe kifaa cha kuonyesha ilipo, isipokuwa ikiwa vitani. Mimi naongeza la nne: Mamlaka ya Usafiri wa Ndege na jeshi (KDF) wawe na daftari moja la ndege zilizokoswakoswa, nalo lisomwe.

Jeshi lina siri zake, na lina haki nazo. Mwinuko wa helikopta inayokuja kutua Kisii mchana kweupe si mojawapo.