Matoleo ya Konsoli: Kinachotangazwa na Kinachobaki Kwenye Lebo

Konsoli ya gemu hudumu sokoni muda mrefu kuliko simu. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, na utengenezaji wake ukafungwa baada ya miaka kumi na miwili na ushee. Katika kipindi kama hicho jina la bidhaa hubaki lile lile huku vilivyomo ndani vikibadilishwa mara kadhaa. Sony, Nintendo na Microsoft, kampuni tatu kubwa za biashara hii, huamua kila mara kama badiliko litangazwe au lipite kimyakimya. Kwa kawaida linalovuta wanunuzi hupigiwa debe, na linalopunguza gharama tu huishia kwenye namba ya modeli.

Gharama ndiyo chanzo cha mabadiliko mengi. Konsoli mpya aghalabu huuzwa kwa faida finyu au hata kwa hasara, na fedha hurudi kupitia gemu, pedi za ziada na ada za huduma za mtandaoni. Bei ikishatangazwa, nafuu hutafutwa kiwandani: chipu ndogo inayokula umeme kidogo, mfumo mwepesi wa kupoza joto, vipuri vichache. Sababu nyingine ni kurekebisha kasoro na kuziba mianya inayotumiwa na wadukuzi.

Kundi la kwanza la matoleo ni marekebisho ya kimya, na PlayStation 5 inayaonyesha vizuri. Modeli ya kwanza yenye diski, CFI-1000A ya Novemba 2020, ilikuwa na uzito wa kilo 4.5. CFI-1100A ya 2021 ilishuka hadi kilo 4.2, na CFI-1200A ya 2022 ikafika kilo 3.9, ikiwa na chipu ya nanomita 6 badala ya 7. Herufi ya mwisho hutofautisha yenye diski (A) na isiyo nayo (B). Agosti 2021 Sony ilieleza kuwa toleo lenye diski haliuzwi tena kwa hasara. Mchezaji hakuona tofauti yoyote kwenye skrini, na hapakuwa na kampeni ya matangazo. Ukimya huo una mantiki ya kibiashara: mteja akisikia kuna mpya huahirisha kununua, na duka hubaki na mzigo wa zamani.

Nintendo ilichukua njia ya kati mwaka 2019. Switch mpya ilidumu na chaji saa 4.5 hadi 9, wakati ile ya 2017 ilidumu saa 2.5 hadi 6.5. Jina na bei havikubadilika. Kampuni iliweka jedwali kwenye tovuti yake likionyesha kwamba ya zamani ni HAC-001 na mpya ni HAC-001(-01), yenye namba ya mfululizo inayoanza na XKW. Dukani, boksi la mpya lilitambulika kwa rangi nyekundu iliyolijaza.

Kundi la pili ni matoleo yaliyobadilishwa umbo, ambayo huwa madogo na mepesi. Haya hutangazwa, hasa yanapokuja na punguzo la bei: PlayStation 3 nyembamba ya 2009 iliingia Marekani kwa dola 299. Hata hivyo, kupunguza gharama kunaweza kuondoa uwezo fulani. PlayStation 3 za mwanzo za Japani na Marekani zilikuwa na chipu za PlayStation 2 na zilicheza gemu zake; uwezo huo ulifutwa katika modeli za baadaye.

Kundi la tatu ni ngazi za bei na nguvu, kama PlayStation 4 Pro ya 2016, Switch Lite ya 2019 na PlayStation 5 Pro ya 2024, iliyotoka kwa dola 699.99. Hapa jina ndilo linalobeba ujumbe, na likikosewa hasara ni kubwa. Wii U ya Nintendo ya 2012 ilidhaniwa na wengi kuwa kifaa cha kuongezea kwenye Wii, konsoli yake iliyotangulia. Iliuza takriban milioni 13.6, ilhali Wii ilivuka milioni 100. Microsoft nayo imewahi kutoa Xbox One S, One X, Series S na Series X, majina yanayomtatiza mzazi anayemnunulia mtoto zawadi. Ili kuepusha mgawanyiko, Sony iliwataka watengenezaji wa gemu wahakikishe gemu za PS4 Pro zinacheza pia kwenye PS4 ya kawaida.

Kasoro ndiyo jaribio gumu zaidi la ukimya. Xbox 360 za mwanzo zilikufa kwa wingi, zikiwasha taa nyekundu. Julai 2007 Microsoft iliongeza waranti ya tatizo hilo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1. Bodi zilizoboreshwa zilikuwa na majina ya ndani, Falcon na Jasper, ambayo hayakuandikwa kwenye boksi. Wanunuzi wajanja walijifunza kusoma adapta: wati 203 ni za mwanzo, 175 ni Falcon, 150 ni Jasper.

Maarifa hayo yana thamani zaidi katika soko la mitumba. PlayStation 2 nene yenye namba inayoishia na 1, kwa mfano SCPH-39001, ilitengenezwa kwa soko la Marekani lenye umeme wa volti 120. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa Kenya au Tanzania, wa volti 230 hadi 240, huweza kuungua. Mnunuzi wa konsoli iliyotumika hukagua lebo ya mashine yenyewe, kwa kuwa boksi huweza kuwa la toleo jingine: namba ya modeli huonyesha toleo na soko lililokusudiwa, na volti huonyesha kama itahitaji transfoma.