Ombi la Saadani linafikaje Oslo?

Mwisho wa mwezi, katika zahanati za vijiji kama Saadani, kati ya hifadhi ya wanyama na mashamba ya chumvi, kuna kazi isiyohusu dawa wala sindano. Mhudumu hufungua vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya: cha 5 cha wagonjwa wa nje, cha 6 cha wajawazito, cha 7 cha watoto. Huhesabu vijistari alivyopiga siku hadi siku, akajumlisha na kujaza fomu. Fomu hizo ndizo zinazoilisha DHIS2, programu huria ya takwimu za afya. Msimbo wake yeyote anaweza kuusoma, kuuchukua bure na kuubadilisha.

Pwani hii si mgeni wa programu hiyo. Mapema miaka ya 2000, Chalinze, iliko Saadani leo, ikiwa bado haijapata halmashauri yake, Bagamoyo na Kibaha zilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo nchini ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo walilijaribu toleo la kale la DHIS, lililozaliwa Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kufikia kikomo. Toleo la mtandaoni lilipokuja, Mkoa wa Pwani ukatangulia tena, na kufikia mwisho wa 2013 lilikuwa limeenea Tanzania Bara.

Leo DHIS2 inatumika katika nchi zaidi ya 70, na msimbo wake mkuu unatunzwa Oslo. Basi mtu wa huku akitaka kitu kibadilike, anataka kubadilisha chombo anachokitegemea pia mtu wa India na wa Msumbiji. Amwombe nani?

Maombi huandikwa kwenye orodha iliyo wazi kwa umma. Watumiaji wengine huongeza maelezo na kuliunga mkono ombi wanalolitaka. Lakini wingi wa sauti pekee hautoshi. Wasanidi huuliza kama haja ni ya nchi moja au ya wengi, maana kila kitufe kinachoongezwa kitatakiwa kutunzwa miaka na miaka, na kitamkodolea macho hata asiyekihitaji. Wengi wanaoomba huona kukataliwa ni dharau. Mimi siwalaumu wasanidi: programu iliyokubali kila ombi humlemea yule yule iliyekuja kumsaidia.

Mfano ninaoupenda ni wa majirani zetu. Mwaka 2011 Kenya iliweka seva moja ya taifa, na watu wa wilayani wakaingiza takwimu kwa modemu. Mtandao ukikatika katikati ya fomu, kazi imekwama. Wasanidi wakaiwezesha programu kuzihifadhi tarakimu ndani ya kompyuta yenyewe mpaka mtandao urudi. Haja ilitoka Kenya, lakini ilikuwa yetu pia, na ya kila aliyewahi kuusubiri mtandao wakati wa masika. Kwa kuwa msimbo ni mmoja, wote tulipata.

Maombi mengine hayana haja ya safari hiyo. Ugonjwa mpya au kundi jipya la umri huongezwa na wataalamu wa wizara bila kuugusa msimbo. Na kuna njia ya tatu, ambayo kwangu ndiyo fahari: kujitengenezea. Mwaka 2014 Rais Jakaya Kikwete, mwenyeji wa Msoga huko huko Chalinze, alizindua kadi ya alama ya afya ya mama na mtoto, yenye kijani, njano na nyekundu. Vijana wa HISP Tanzania, kikundi cha wasanidi kilichochipukia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliunda programu ndogo ya kadi za aina hiyo inayopachikwa juu ya DHIS2. Hawakusubiri Oslo.

Linaloniuma ni njia ndefu inayotangulia orodha ile. Neno la mhudumu hupita kwa mratibu wa MTUHA wa wilaya, mkoa, wizara, ndipo liwafikie wataalamu, na kila mkono unaolipokea hulisema kwa lugha yake. Likifika, limekuwa Kiingereza cha kiufundi. Orodha iko wazi, ndiyo, lakini uwazi wa Kiingereza haumfikii aliyeanza kulalamika kwa Kiswahili, tena hapati jibu, hata la "hapana". Ningetaka kila wilaya iwe na daftari la maombi kwa Kiswahili, na kila ombi lirudishiwe jibu mpaka mlangoni pa zahanati.

Angeulizwa leo, naamini mhudumu huyo asingeanza na skrini, ambayo huenda haioni kabisa. Angeanza na vitabu: mama mmoja kuandikwa mahali pawili au patatu, na vijistari vinavyohesabiwa usiku baada ya wagonjwa kuondoka. Ombi hilo Oslo haina uwezo nalo. Vitabu vya MTUHA hupangwa wizarani, Dodoma.