Ununuzi wa likizo huanzia kwa mbuzi

Likizo ya Agosti ikielekea ukingoni, wazazi wa Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo, huingia mjini kutafuta sare, viatu na madaftari. Kwa mfugaji, ununuzi huanzia soko la mifugo: mbuzi akikosa bei, orodha ya mama hukatwa.

Jijini Nairobi, familia zilizoea kupata unga, nguo na vyombo chini ya paa moja, katika Uchumi, iliyoanzishwa mwaka wa 1975, au Nakumatt, iliyotokana na duka la magodoro mjini Nakuru. Bei ilibandikwa; hakuna kupatana. Lakini Nakumatt ililemewa na madeni. Waliokuwa wakiiletea bidhaa bila kulipwa waliacha kuleta, rafu zikabaki tupu, na mwaka wa 2020 wadai wakaamua ifungwe.

Duka la kizamani lina kaunta, mizani na daftari la mikopo. Mwenye duka anayekufahamu huenda akakupa viatu vya mtoto leo, ulipe siku ya soko ijayo.

Basi mzazi, lichunge jina lako katika daftari hilo. Dawa ya deni ni kulipa, liwe la duka kubwa au la jozi moja ya viatu.