Cleveland: timu yashinda, hisa yashuka

MFANYABIASHARA anayenunua hisa za kiwanda cha bia anajua mwaka mzuri ni upi: bia imeuzika, gharama hazikupanda, gawio limeongezeka. Je, anayenunua hisa za timu ya michezo? Wengi watajibu haraka kwamba mwaka mzuri ni ule ambao timu inashinda. Jibu hilo liliwatia hasara baadhi ya wawekezaji wadogo wa mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani, na kwa kuwa mazungumzo ya klabu kuuza hisa hayaishi hata hapa kwetu, hesabu zao zinafaa kupitiwa upya.

Klabu yenyewe ni ya besiboli, wakati huo ikiitwa Cleveland Indians (tangu msimu wa 2022 inaitwa Cleveland Guardians). Juni 1998 iliuza kwa umma hisa milioni 4 kwa dola 15 kila moja, jumla dola milioni 60, ikaorodheshwa katika soko la Nasdaq kwa alama ya CLEV. Ilikuwa miezi miwili tu tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze biashara likiwa na kampuni moja, TOL.

Wakati wa kuuza ulichaguliwa vizuri. Ndugu wawili, Richard na David Jacobs, waliinunua klabu hiyo mwaka 1986 ikiwa dhaifu, ikicheza katika uwanja mkubwa wa zamani uliokuwa mtupu siku nyingi. Mwaka 1994 ilihamia uwanja mpya, Jacobs Field, uliojengwa kwa sehemu kubwa kwa kodi ya pombe na sigara ambayo wapiga kura wa wilaya waliipitisha mwaka 1990. Mwaka 1995 timu ilishinda michezo 100 kati ya 144 ikafika fainali ya World Series. Ilifika tena mwaka 1997, ikafungwa na Florida Marlins katika mchezo wa saba, uliolazimika kuongezwa muda. Mji mzima ulikuwa bado unaumwa na mchezo huo hisa zilipotangazwa. Ukimuuzia shabiki katika hali hiyo, hakuulizi mizania.

Tuiulize sisi. Msimu wa besiboli una michezo 162, kuanzia mwishoni mwa Machi au Aprili hadi mwisho wa Septemba, na nusu yake, yaani 81, huchezwa nyumbani. Viingilio, maegesho ya magari, vyakula na vyumba maalumu vya makampuni vyote hutegemea siku hizo 81. Jacobs Field ulichukua watu wapatao 43,000. Zidisha kwa 81, unapata takriban milioni 3.48. Sasa linganisha na waliohudhuria kweli: mwaka 1998 walikuwa zaidi ya milioni 3.4, na mwaka 1999 hivyo hivyo. Tangu Juni 1995 hadi Aprili 2001 klabu iliuza tiketi zote za michezo 455 mfululizo, na kwa miaka kadhaa tiketi za msimu mzima ziliisha kabla mchezo wa kwanza haujachezwa.

Shabiki akiona hivyo hushangilia. Mwenye hisa alitakiwa kushtuka. Duka ambalo rafu zake huwa tupu kila jioni, na ambalo haliwezi kuongeza rafu, limebakiwa na njia moja tu ya kukuza mauzo, nayo ni kupandisha bei. Timu ikishinda michezo 90 au 100, watu ni wale wale 43,000. Isitoshe, fedha za televisheni ya taifa zilikuwa zikigawanywa sawasawa kwa klabu zote, ambazo mwaka 1998 zilifikia 30, ushinde usishinde. Kilichobaki kwa klabu peke yake ni mkataba wa televisheni na redio za mji wake, na Cleveland si New York.

Upande wa gharama mambo yalikuwa kinyume. Mchezaji anayefanya vizuri bei yake hupanda, na mkataba wake ukiisha anauza huduma yake kwa anayelipa zaidi. Ushindi, kwa lugha ya mhasibu, huongeza gharama za mwaka ujao hata kama haukuongeza mapato ya mwaka huu. Waulize Marlins hao hao waliochukua ubingwa wa 1997: mwenye klabu alisema anapata hasara, akawauza nyota wake karibu wote, na mwaka 1998 timu ya mabingwa ikashinda michezo 54 na kufungwa 108.

Ndiyo maana kilichotokea sokoni hakikupaswa kuwa kitendawili. Msimu wa 1998 Cleveland ilishinda michezo 89, ikaongoza kundi lake, ikaitoa Boston na kusimamishwa na New York Yankees michezo miwili kabla ya kufika fainali. Kwa kipimo cha uwanjani ni mwaka ambao klabu nyingi zingeuombea. Hisa iliyonunuliwa kwa dola 15, hata hivyo, iliporomoka hadi chini ya dola 10. Aliyeuza wakati huo kwa hofu alipoteza theluthi ya mtaji wake au zaidi, timu yake ikiwa miongoni mwa nne bora nchini.

Angeweza kulalamika wapi? Si kwenye mkutano wa mwaka. Hisa za umma zilikuwa za daraja A. Richard Jacobs alibaki na daraja B, lililompa zaidi ya asilimia 99 ya kura. Mwenye hisa mia alikuwa na haki ya kuingia ukumbini na kusikiliza. Mwenye kisu ndiye mla nyama, na kisu kilikuwa kimoja. Wala uwanja haukuwa wa wenye hisa, kwani ulikuwa mali ya umma na klabu ilikuwa mpangaji. Walichokuwa nacho ni sehemu ya haki ya kuwa na timu katika ligi, pamoja na mikataba ya wachezaji inayoisha mmoja baada ya mwingine.

Haki hiyo ndiyo iliyokuwa na thamani halisi. Nafasi katika ligi hazizidi 30, matajiri wanaozitaka ni wengi kuliko hapo, na hakuna anayeweza kufungua klabu nyingine mtaa wa pili. Klabu ambayo ndugu Jacobs waliipata mwaka 1986 kwa fedha isiyozidi dola milioni 40 au karibu na hapo ilikuwa imepanda thamani mara nyingi. Lakini thamani ya namna hiyo haiingii mfukoni mpaka klabu iuzwe, na wa kuamua iuzwe lini alikuwa mtu mmoja.

Mwaka 1999 aliamua. Alitangaza kwamba anatafuta mnunuzi, na hisa ikaanza kuinuka. Bahati ilitaka msimu huo uwe wa aina yake. Cleveland ilifunga mikimbio 1,009, ikawa timu ya kwanza kupita 1,000 tangu mwaka 1950. Manny Ramirez peke yake aliwaingiza wachezaji mara 165. Timu ilishinda michezo 97 ikamaliza michezo zaidi ya 21 mbele ya wa pili wake. Kisha Oktoba, ikiongoza 2-0 dhidi ya Boston katika raundi inayohitaji ushindi wa mara tatu, ikafungwa mara tatu mfululizo, mojawapo kwa 23-7. Kocha Mike Hargrove alifukuzwa siku chache baadaye.

Kama hisa ingekuwa inafuata matokeo, hapo ndipo ingezikwa. Chini ya mwezi mmoja baada ya kipigo hicho ilitangazwa kwamba Larry Dolan, mwanasheria wa Ohio, ananunua klabu yote. Mauzo yalikamilika Februari 2000 kwa takriban dola milioni 323, na kila hisa ya daraja A ikalipwa zaidi ya dola 22. Aliyenunua hisa 100 kwa dola 1,500 na kuvumilia alipata zaidi ya dola 2,200 katika muda wa miezi 20. Aliyeuza hisa zake chini ya dola 10 alikuwa jirani yake, labda waliokaa safu moja uwanjani, na wote wawili waliona michezo ile ile.

Dolan naye alinunua kileleni. Ramirez alikwenda Boston baada ya msimu wa 2000 kwa mkataba wa miaka minane wa dola milioni 160. Mwaka 2002 timu ilishinda michezo 74 tu, na mwaka 2003 mahudhurio yalikuwa milioni 1.7, nusu ya yale ya 1999. Hapo ndipo rafu zilipoonekana zina nafasi. Kama hisa zingekuwa bado sokoni, huo ungekuwa msimu ambao ushindi ungeongeza mapato kweli.

Kwa anayetaka kujaribu leo, klabu ya Atlanta Braves imeorodheshwa Nasdaq kama kampuni inayojitegemea tangu Julai 2023. Mambo mawili yaangaliwe. Kwanza, taarifa ya robo ya kwanza ya mwaka, Januari hadi Machi, huwa na mapato kidogo sana kwa sababu karibu hakuna mchezo unaochezwa, hivyo hasara ya robo hiyo isimtishe mtu wala isimfurahishe anayesubiri bei ishuke. Pili, asome herufi ya mwisho ya alama anayonunua. Hisa ya BATRA ina kura moja. Ya BATRK haina kura kabisa. Ya BATRB ina kura kumi.