"Acha!" na "Kula!" Si Nasaha

Katika Kashozi, si mbali na mji wa Bukoba, kibanja kimoja hutoa chakula na kileo. Ndizi za kupika huingia chunguni pamoja na maharage. Ndizi za kutengenezea pombe huivishwa na kukamuliwa, maji yake yakachanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha yakaachwa katika mtumbwi wa mti kwa muda wa siku moja hivi, hata chachu igeuze sukari kuwa alkoholi. Hiyo ndiyo rubisi. Mtaalamu wa elimu ya jamii na mila, Robert Carlson, alieleza katika makala yake ya mwaka 1990 jinsi Wahaya walivyoitumia rubisi kudumisha ujirani na kuwakumbuka wazee waliotangulia. Kileo hicho, basi, kilikuwa na adabu na mahali pake.

Shida huanza pale kileo kinapochukua nafasi ya chakula. Mtu hunywa mchana kutwa na sahani yake ikarudi jikoni kama ilivyokuja. Wapo pia vijana, hasa wasichana, wanaojinyima chakula kwa kuogopa unene, au wanaokula kupita kiasi kisha wakajitapisha. Hali hiyo ya pili ilielezwa na daktari Gerald Russell wa London mwaka 1979. Matatizo haya mawili, la ulaji na la ulevi, mara nyingi hukaa ndani ya mtu mmoja. Na jamaa zake humpa amri mbili: "Acha pombe!" na "Kula!" Katika makala haya tutaona kwa nini amri hizo, ingawa zatokana na upendo, si nasaha, na pengine ni hatari.

Hatari ya kuacha ghafla

Alkoholi hupunguza mwendo wa shughuli za ubongo. Mtu anywapo sana kila siku kwa muda mrefu, ubongo hujirekebisha kwa kujichochea zaidi, mfano wa mtu asukumaye mlango unaosukumwa kutoka upande wa pili. Kileo kikiondolewa ghafla, msukumo wa ubongo hubaki peke yake. Kati ya saa 6 na 24 mikono hutetemeka, jasho hutoka na moyo hupiga mbio. Wengine hupata mishtuko kama ya kifafa katika siku mbili za kwanza. Na baada ya siku mbili au tatu baadhi yao huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo. Asipotibiwa, mgonjwa wa namna hii aweza kufa. Kwa hiyo mnywaji wa kila siku ambaye hutetemeka asubuhi asifungiwe chumbani ili "aache". Apelekwe kwa mganga hospitalini, ambako dawa hutolewa ili kuushusha ubongo polepole.

Hatari ya kulishwa ghafla

Gramu moja ya alkoholi hutoa nguvu ya kilojuli 29 hivi, karibu mara mbili ya ile itolewayo na gramu moja ya wanga. Ndiyo maana kileo huweza kuchukua nafasi ya chakula. Lakini alkoholi safi haina protini wala vitamini. Tena huzuia utumbo usifyonze vyema vitamini B1, yaani thayamini, ambayo akiba yake mwilini hutosha kwa majuma machache tu.

Thayamini huhitajiwa ili seli zitumie sukari. Mtu aliyeishiwa nayo akipewa sukari au wanga mwingi kwa ghafla, kiasi kidogo kilichobaki huweza kumalizika, na ubongo ukaumia. Maradhi hayo yalielezwa na Carl Wernicke mwaka 1881: mgonjwa huyumbayumba, macho hayatazami sawasawa, na fikira huvurugika. Msomaji ataona mara moja ugumu uliopo: dalili hizo zafanana na ulevi wenyewe. Majirani husema, "Amelewa tena," kumbe anahitaji sindano ya thayamini upesi. Hata asiyekunywa, ikiwa amejinyima chakula kwa muda mrefu, huhitaji kurudishwa kwenye mlo kwa kiasi na chini ya uangalizi, maana madini ya fosfeti katika damu huweza kushuka ghafla na moyo ukadhoofika.

Njaa na akili

Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya, waliojitolea, kwa muda wa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Jambo la ajabu ni mabadiliko ya tabia: wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga, na wakawaza chakula usiku na mchana. Njaa yenyewe iliwageuza. Kwa hiyo mwenye kutoa nasaha asitarajie maneno kuingia katika akili yenye njaa. Mwili na neno vitibiwe pamoja.

Nasaha ni nini?

Mwaka 1983 mwanasaikolojia William Miller alieleza njia ya mazungumzo ambayo baadaye aliiendeleza pamoja na Stephen Rollnick. Aliona kwamba mtu akisukumwa hujitetea. Na kila ajiteteapo huzidi kuiamini hoja yake. Mshauri, basi, huuliza na kusikiliza, ili sababu za kubadilika zitoke kinywani mwa mwenye shida. Tutoe mfano wa kubuni:

"Mwanangu, pombe inakusaidia nini?"

"Inanisahaulisha mambo ya nyumbani, mwalimu."

"Na inakudhuru nini?"

"Asubuhi siwezi kula. Na hesabu zimenishinda."

"Katika kipimo cha 0 hadi 10, kuipunguza kuna maana kiasi gani kwako?"

"Labda 4."

"Mbona 4, wala si 1?"

Swali hilo la mwisho ndilo kiini. Ili kulijibu, kijana hana budi kutaja mwenyewe sababu za kuacha. Hapa nchini, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, watafiti wameandaa nasaha fupi ya namna hii iitwayo "Punguza Pombe Kwa Afya Yako", inayotolewa na wauguzi kwa majeruhi kwa muda wa robo saa hivi. Ili kuwatambua wenye kuhitaji msaada, hutumika maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani, yaliyotayarishwa kwa utafiti katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Alama 8 au zaidi kati ya 40 huonyesha unywaji wenye madhara.

Walimu hawaombwi kuwa waganga. Wanaombwa kufanya mambo matatu: kuzungumza na mwanafunzi faraghani bila kumwaibisha, kuhakikisha anapata mlo, hasa wenye maharage, ambayo yana thayamini nyingi kuliko ndizi, na kumpeleka hospitalini aonekanapo kutetemeka, kuyumba, kuzirai au kukonda mno. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akiwaambia siri ya namna hii, msimcheke wala msimhukumu. Msikilizeni, kisha mfuatane naye hadi kwa mtu mzima mnayemwamini.